Uvimbe wa Taya, Vinasaba na Kwa Nini Hurudi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa wagonjwa, ndugu wanaowauguza, na watumishi wa zahanati na vituo vya afya vya mikoa hii miwili. Uvimbe unaozungumzwa zaidi hapa ni ameloblastoma, kwa sababu ndio wenye tabia kubwa ya kurudi, na ndio watu hufika nao wakiwa wamekwisha kupasuliwa mara mbili au tatu. Pale ambapo ugonjwa mwingine wa taya unahitaji njia tofauti, tumesema hivyo waziwazi.

Je, uvimbe wa taya ni saratani?

Mara nyingi si saratani. Ameloblastoma hutokana na mabaki ya seli zilizokuwa zikitengeneza meno tangu utotoni. Hukua polepole, kwa miaka, na kwa kawaida hauumi. Takriban 8 kati ya 10 huota taya la chini, hasa nyuma kwenye magego. Lakini kuuita "uvimbe usio saratani" kumewaponza watu wengi, maana husikia hivyo wakarudi nyumbani. Unakula mfupa, unalegeza meno, unapindisha uso, na ukiwa taya la juu unaweza kupanda hadi kwenye jicho na chini ya ubongo. Kwa wachache sana, wasiozidi 2 kati ya 100, mbegu zake huonekana hata kwenye mapafu, na mara nyingi ni wale waliopasuliwa mara kwa mara bila uvimbe kwisha.

Mtoto wangu ana miaka sita, shavu limevimba ndani ya wiki mbili na meno yanacheza. Nisubiri msimu wa korosho uishe?

Hapana. Ondoka kesho asubuhi. Uvimbe wa taya unaokua kwa siku au wiki kwa mtoto unaweza kuwa limfoma ya Burkitt, na huo ni saratani. Huonekana zaidi kwenye nyanda za joto zenye malaria nyingi, na pwani yetu ya kusini ni miongoni mwazo. Daktari Denis Burkitt aliueleza ugonjwa huu kwa watoto wa Uganda mwaka 1958. Katika seli za uvimbe huo, kipande cha kromosomu ya 8, mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba, huhamia kwenye kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, na jeni (agizo moja la vinasaba) iitwayo MYC inaachwa ikiamuru seli zigawanyike bila kupumzika. Kirusi cha Epstein-Barr na malaria ya mara kwa mara huiandalia njia.

Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kung'oa meno yanayolegea: jino linatoka, uvimbe unabaki na damu haikatiki vizuri. La pili ni kutafuta upasuaji wa kuuondoa. Burkitt hutibiwa kwa dawa za saratani za kuwekwa kwenye mshipa, na huitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Upasuaji hapa ni wa kuchukua kinyama cha kupima tu. Ukirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo mtoto haachi kliniki hata kama shavu limekuwa zuri kabisa.

Mabadiliko ya vinasaba maana yake nini?

Kila seli ina maandishi ya maagizo yake, yaliyoandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Kila seli inapogawanyika, maandishi hayo hunakiliwa. Wakati mwingine herufi moja hukosewa, na kosa likiangukia mahali pabaya, seli inabadilika tabia.

Kwenye ameloblastoma kosa linaloonekana zaidi limo katika jeni iitwayo BRAF. Herufi ya 1799 ya jeni hiyo, iliyopaswa kuwa T, inakuwa A. Kwa kosa hilo moja, protini inayotengenezwa inabadilika kiungo chake cha 600: mahali pa valini panakaa asidi ya glutamiki. Ndiyo maana ripoti huandika V600E: V ni alama ya valini, E ya asidi ya glutamiki. Protini ya BRAF kwa kawaida hufanya kazi kama swichi, inawashwa seli inapotakiwa kukua kisha inazimwa. Yenye V600E imekwama ikiwa imewashwa. Tafiti zilizotolewa mwaka 2014 ndizo zilizoiweka wazi kwenye ameloblastoma, na tangu hapo imeonekana kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, hasa wa taya la chini. Wa taya la juu huwa zaidi na kosa kwenye jeni nyingine, SMO.

Basi nimeurithi? Na wanangu je?

Hukuurithi, na hutawarithisha. Kosa hili hutokea katika seli za taya pekee, ukubwani au utotoni, na halimo kwenye mbegu za uzazi. Hakuna haja ya kupima familia nzima.

Halisababishwi na kung'olewa jino, kupigwa ngumi shavuni, kula ming'oko au muwa, wala kijicho cha jirani. Mara nyingi jino hung'olewa kwa sababu uvimbe umekwisha kulilegeza, ndipo watu husema "tangu nilipong'oa jino". Anayetaka kusomewa dua asomewe, ila tarehe ya kliniki isipite kwa ajili hiyo, na shavu lisichanjwe wala kuchomwa na chuma cha moto. Kovu na usaha hufanya upasuaji uwe mgumu na kinyama cha maabara kisisomeke.

Kuna uvimbe wa taya unaorithiwa kweli. Tunauzungumzia huko chini, kwenye swali la kifuko cha keratini.

Kwa nini uvimbe ulirudi wakati daktari alisema ameutoa wote?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na jibu lake liko ndani ya mfupa.

Taya lina gome gumu nje, na ndani lina mfupa wenye vitundu kama sifongo. Ameloblastoma haina ganda linaloizunguka. Inapeleka vidole vyake ndani ya vile vitundu, kati ya kuta za mfupa ambazo bado ni nzima. Kwa kuwa kuta hizo hazijaliwa, eksirei inaonyesha mfupa mzuri, na daktari akitazama kwa macho wakati wa upasuaji anaona mfupa mzuri. Vipimo vya darubini vimekuta seli za uvimbe milimita 2 hadi 8 nje ya mpaka unaoonekana kwenye picha. Ukikomba uvimbe hadi ufikie mfupa "safi", umeacha vidole.

Kwa hiyo unaporudi, aghalabu haujaanza upya. Ni ule ule, uliobaki, umeendelea kukua pale pale. Na ndiyo maana kosa la vinasaba ni muhimu kulielewa: seli chache zilizobaki zina swichi ile ile iliyokwama, hazihitaji kichocheo kingine. Zinahitaji muda tu.

Sehemu nyingine zinazoachwa mara nyingi:
– Utando unaofunika mfupa kwa nje. Uvimbe ukishatoboa gome la mfupa, utando huo na nyama iliyougusa lazima viondoke pamoja nao.
– Ngozi laini ya fizi iliyokuwa juu ya uvimbe, hasa pale magego yalipong'olewa.
– Mfupa unaopanda kuelekea sikio. Ni mahali pa kina na kazi yake ni ngumu, na daktari aliyezoea kung'oa meno pekee hawezi kupafikia ipasavyo.

Kukomba na kukata taya: tofauti ni ipi hasa?

Kukomba ni kufungua dirisha kwenye mfupa na kutoa uvimbe kwa kijiko cha upasuaji. Taya linabaki, uso haubadiliki, mgonjwa anarudi nyumbani mapema. Kwa ameloblastoma ya kawaida, kukomba peke yake kumefuatiwa na kurudi kwa uvimbe kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa katika tafiti nyingi, na baadhi zimefika 9 kati ya 10.

Kukata ni kuondoa kipande cha taya chenye uvimbe pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa mzima kila upande. Kurudi hushuka hadi chini ya 15 kati ya 100, na mikononi mwa timu iliyozoea huwa chini zaidi ya hapo. Kama uvimbe ni mdogo na ukingo wa chini wa taya una mfupa mzima wa kutosha, takriban sentimita 1, daktari anaweza kuuacha ukingo huo ili taya lisikatike vipande viwili. Kama uvimbe umefika chini kabisa, taya hukatwa lote mahali hapo na kuungwa kwa bamba la titani.

Msimamo wetu ni huu: kwa mtu mzima mwenye ameloblastoma ya kawaida iliyothibitishwa maabara, upasuaji wa kwanza uwe wa kukata. Tunajua neno "kukatwa taya" linavyotisha, na tunajua wapo watakaokimbilia anayeahidi "kuutoa bila kukata". Lakini anayekombwa mara tatu huishia kukatwa sehemu kubwa kuliko ambayo angekatwa mwanzo, akiwa na makovu, na wakati huo uvimbe umekwisha kuingia kwenye nyama.

Kuna nafuu moja ya kweli. Ameloblastoma ya kifuko kimoja, inayoonekana zaidi kwa vijana, inaweza kutolewa kwa kukombwa ikiwa maabara imeona seli zake zimebaki upande wa ndani wa kifuko. Zikiwa zimezama kwenye ukuta wa kifuko, inahesabiwa kama ya kawaida. Tatizo ni kwamba kinyama kidogo cha mwanzo hakiwezi kuonyesha ukuta wote. Kifuko chote hupelekwa maabara baada ya upasuaji, na mgonjwa aelezwe kabla kwamba huenda akaitwa tena.

Kinyama kikichukuliwa, uvimbe hautakasirika na kusambaa?

Hausambai kwa sababu ya kuchukuliwa kinyama. Bila kinyama, daktari anabahatisha, na kubahatisha ndiko kunakoleta upasuaji usiofaa.

Kwa watumishi wenzetu: vuteni kwanza kwa sindano. Ikija damu nyekundu inayosukuma, simameni, huenda ni uvimbe wa mishipa ya damu. Ikija maji ya rangi ya majani makavu au uji mzito mweupe, andikeni kwenye fomu. Kateni kina cha kutosha, mbali na sehemu yenye kidonda au usaha, maana usaha hutoa majibu ya "uvimbe wa maambukizi" na kumchelewesha mgonjwa miezi. Kiwekeni kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo usiopungua mara 10 ya kinyama, kwenye chombo chenye mdomo mpana. Maji, spiriti na salaini havifai. Kinyama kitaoza au kukauka kabla gari halijavuka Rufiji. Jina, umri, upande wa taya na tarehe viandikwe kwenye mwili wa chombo, visiandikwe kwenye kifuniko.

Jambo moja linalosahaulika: kinyama chenye mfupa hulainishwa maabara kabla ya kukatwa. Tindikali kali inafanya kazi haraka lakini inaharibu vinasaba. Kama kuna nia ya kupima BRAF, maabara iombwe kutumia EDTA, dawa inayolainisha mfupa polepole bila kuharibu vinasaba, au watenge kipande laini kisichohitaji kulainishwa.

Nahitaji kipimo cha BRAF?

Kwa mgonjwa wa kawaida anayesubiri upasuaji wa kwanza, hapana. Upasuaji hautabadilika. Tafiti zilizojaribu kulinganisha wenye V600E na wasio nayo katika kurudi kwa uvimbe zimetofautiana, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba "una jeni mbaya, utarudi tu". Kinachotabiri kurudi vizuri zaidi ni aina ya upasuaji na usafi wa kingo za kipande kilichokatwa.

Kipimo kina maana pale uvimbe umerudi mahali pasipopasulika, au umefika mapafuni, au maabara inabishana na aina ya uvimbe. Hufanywa kwa kusoma vinasaba, au kwa rangi ya kingamwili iitwayo VE1 ambayo huzipaka seli zenye kosa hilo rangi ya kahawia.

Nimesikia kuna vidonge.

Vipo. Dabrafenib na vemurafenib huizima BRAF iliyokwama, na dabrafenib huweza kuambatana na trametinib. Wagonjwa kadhaa wa ameloblastoma duniani wamepungukiwa uvimbe sana kwa dawa hizo. Ni ghali mno, zina madhara ya homa, ngozi na moyo, na kwa asiye na V600E hazina faida. Usiuze shamba la mikorosho kwa ajili ya vidonge kabla ya kuonana na daktari wa saratani ukiwa na majibu ya BRAF mkononi.

Mionzi haitumiki kama tiba ya kwanza. Huwekwa akiba kwa wasioweza kupasuliwa.

Mimi majibu yameandika "kifuko cha keratini". Ni kitu kile kile?

Ni kingine, ingawa nacho hurudi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliuita uvimbe, mwaka 2017 likaurudisha kwenye vifuko, ndiyo maana ripoti za zamani na mpya zinagongana majina. Jeni yake ni PTCH1. Hurudi kwa sababu ngozi yake ya ndani ni nyembamba mno, inachanika wakati wa kutolewa, na pembeni yake kuna vifuko vitoto. Daktari hukitoa kizima kadiri inavyowezekana, kisha huweza kupaka dawa ya Carnoy kwa dakika 3 hadi 5 ili kuua mabaki. Kikiwa kikubwa, huweza kutobolewa kwanza na kuwekewa mrija. Mgonjwa anaosha ndani kwa bomba la sindano lenye maji ya chumvi kila siku kwa miezi, kifuko kinanywea, ndipo kinatolewa.

Hapa ndipo urithi unaingia. Vifuko viwili au zaidi kwa mtu mmoja, hasa kijana, pamoja na vishimo vidogo viganjani au mbavu zilizogawanyika kwenye eksirei ya kifua, vinaelekeza kwenye ugonjwa wa Gorlin. Mzazi mwenye nao ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumpa kila mtoto. Watoto hao wapigwe picha ya taya.

Na ule wa mfupa kuvimba tangu utotoni bila kikomo?

Huenda ni fibrasi displasia, yenye kosa kwenye jeni ya GNAS. Haurithiwi. Mara nyingi husubiriwa hadi ukuaji wa mwili uishe, kisha mfupa huchongwa kurekebisha sura. Akichongwa mapema huota tena. Usipigwe mionzi, inaweza kuugeuza saratani.

Nianzie wapi kutoka Newala, Liwale au Nanyumbu?

Zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mtwara, na upasuaji mkubwa wa taya wenye kuunga mfupa mara nyingi hupelekwa Muhimbili, Dar es Salaam. Barua ya rufaa isikosekane, kwani mwenye bima akiruka ngazi anaweza kujikuta analipa mfukoni. Asiye na uwezo aombe kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali siku ile ile ya kwanza, kabla ya kuanza kuandikiwa vipimo.

Piga simu kuuliza kama mashine ya picha ya taya zima, OPG, inafanya kazi kabla ya kupanda basi. Kwa taya la juu OPG haitoshi, inahitajika CT.

Baada ya kukatwa nitakula nini?

Siku za kwanza chakula hupita kwenye mpira wa puani au kwa kunywa, kama daktari atakavyoagiza. Kisha laini kwa wiki 4 hadi 6. Uji wa ulezi au mtama wenye maziwa, yai na korosho zilizobanguliwa na kukaangwa, zikasagwa hadi kuwa unga laini; supu ya samaki iliyochujwa vizuri, maana mwiba mmoja kwenye mshono ni balaa; tui la nazi kuongeza nguvu. Kula kidogo mara 6 kwa siku. Muwa, mhogo mkavu, mahindi ya kuchoma na korosho nzima subiri ruhusa.

Sukutua kila baada ya kula: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisijae kilima, kwenye glasi ya maji ya vuguvugu yaliyochemshwa. Mdomo wa chini upande uliokatwa utakuwa na ganzi, na kwa wengi ganzi hiyo hubaki. Pima uji kwa kidole cha mkono kabla ya kuunywa, la sivyo utaungua bila kujua. Mdomo ukikaza, anza mazoezi ya kuufungua daktari akiruhusu. Lengo ni vidole vyako vitatu kupita kati ya meno ya mbele.

Bamba likionekana nje ya ngozi au likivunjika, usilifunge kwa kanga na kungoja. Maambukizi yake hula mfupa uliobaki.

Nifuatiliwe kwa muda gani?

Miaka 10 kwa uchache. Zaidi ya nusu ya uvimbe unaorudi huonekana ndani ya miaka 5, lakini upo uliorudi baada ya 10 na hata 20. Utaratibu unaofaa: wiki ya 1, mwezi wa 1, wa 3, wa 6, wa 12, halafu kila miezi 6 hadi mwaka wa 5, halafu mara moja kwa mwaka, na picha ya taya kila mwaka. Wengi hupotea mwaka wa pili, shavu likiwa zuri na nauli ikiwa ngumu. Omba tarehe iangukie baada ya mauzo ya korosho, au picha ya kila mwaka ipigwe mkoani na isomwe na daktari aliyekupasua.

Dalili za kurudi ni zipi?

Mwanzoni hakuna, ndiyo sababu ya picha. Baadaye: ugumu unaokua kwenye mshono au ndani ya fizi, jino la jirani kuanza kucheza, meno ya bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri kubana, au pua kuziba upande mmoja kwa aliyekuwa na uvimbe taya la juu. Maumivu huja mwisho.

Nitunze karatasi zipi?

Majibu ya maabara ya kinyama cha kwanza, majibu ya kipande chote kilichokatwa (yaangaliwe kama yametaja hali ya kingo), maelezo ya upasuaji, na picha ya kwanza baada ya upasuaji. Uliza pia namba ya maabara ya kinyama chako. Kipande huhifadhiwa kwenye nta, na uvimbe ukirudi kinaweza kutolewa kabatini kikapimwa BRAF bila wewe kukatwa tena. Piga picha karatasi hizo kwa simu, mtumie na ndugu mmoja unayemwamini, na zenyewe ziweke kwenye mfuko wa plastiki, mbali na dari inayovuja masika.